Kaseti za Injinia Mafuru

Siku tuliyomzika baba mdogo Mafuru, pale Butiama, kijana aliyepewa kusoma wasifu wa marehemu alisimama mbele ya turubai akasoma kwamba marehemu alipenda mambo ya kisasa hata uzeeni, na kwamba alifundishwa kompyuta na binti wa kaka yake, Veronika, ambaye tunaye hapa. Watu wakageuka kunitazama. Wengine walitikisa vichwa kwa kunisifu, kana kwamba tulikuwa harusini. Nilipopewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya ndugu wa Mugango, nilisema wazi kwamba mambo hayakuwa hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi, na kila ninachokijua kuhusu mashine, ambacho ndicho kinachonilisha mpaka leo pale Bunda ninapotengeneza printa za watu, kilianzia mikononi mwake. Nikaona akina mama wakinong'onezana huku wakitabasamu. Wakati wa chakula mzee mmoja wa ukweni akaja akanishika mkono. "Umelelewa vizuri, mwanangu," akaniambia. "Wasomi wa siku hizi hawajishushagi hivyo." Nikabaki na sahani ya wali mapajani, hauliki. Nimeusema ukweli huo miaka mingi, mbele ya watu wengi, na kila nikiusema nasifiwa kwa unyenyekevu. Sasa mwenyewe hayupo, na mimi nywele zimeanza kuwa nyeupe, basi nauandika jinsi mwaka ule ulivyokwenda.

Ulikuwa mwaka niliofeli kidato cha nne. Watoto wa siku hizi wanasema hawakupata alama za kuendelea. Sisi tulikuwa na neno moja fupi, sifuri, na ndilo nililolipata. Matokeo yalibandikwa ukutani shuleni kwetu Musoma. Nililitafuta jina langu, nikafuata mstari kwa kidole hadi mwisho, nikarudia tena nikidhani kidole kimeteleza kikashika mstari wa mtu mwingine. Nyumbani Mugango mama hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinipakulia ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, na samaki wadogo wa furu wa kukaanga, akakaa pembeni akitazama nje. Tangu siku hiyo akaanza kwenda ziwani kuchota maji wakati wa jua kali, wenzake wakiwa wameshaondoka. Mimi nilijifungia chumbani, na kutoka humo nilimsikia siku moja akiongea uani na mama mmoja wa jumuiya yetu. "Vero anaendeleaje? Tulikuwa tunamwombeaga sana," mgeni akasema. "Vero hajambo. Anaenda Butiama kwa baba yake mdogo, kusomea kompyuta." Mgeni akaguna. "Kompyuta! Kumbe yule Injinia anafundishaga?" Mama akajibu, "Anafundishaga." Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa ambaye hata chumvi iliyozidi mezani kwa watu aliisema. Sikuwahi kumsikia akidanganya kabla ya hapo, na mara ya kwanza alidanganya kwa ajili yangu. Juma lile lile nilipanda gari la Butiama na begi langu la shule, kwa sababu maneno yakishatoka kinywani kwa mtu kama yule, lazima apatikane wa kuyafuata.

Kila mtu wa ukoo alijua hiyo kompyuta ilikuwa kitu gani. Baba mdogo alikuwa amepelekwa ng'ambo kusomea uhandisi, akakaa huko miaka, akarudi na koti zito, tai na mashine hiyo ndani ya sanduku, ila cheti hakurudi nacho. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Watu walimwita Injinia, na alivyokuwa akiitika ungedhani hasikii kicheko kilichokuwa ndani ya jina hilo. Alimuoa mama mdogo Tereza, Mzanaki wa Butiama, fundi cherehani, na wakajenga kwenye kiwanja cha kina Tereza. Mwanaume kukaa ukweni kwetu si jambo la kutangaza. Alitengenezatengeneza redio za watu, nyingine zikapona, nyingine zikarudi kwa wenyewe zikiwa ndani ya mfuko. Kilichokuwa kinailisha nyumba ile ni cherehani. Nilifika mchana, nikamkuta amevaa tai katikati ya joto, anapepeta mtama. Akanitazama begi, akanitazama uso. "Unajua kwa nini umeletwa hapa?" akaniuliza. Nikamwambia nimekuja kusoma kompyuta. "Kompyuta ipi?" Nikasema yake. Akacheka mpaka akakohoa. "Ile? Ile haijaamka tangu ifike Tanzania, mwanangu. Mama yako anajua hivyo." Kisha akaacha kucheka, maana aliona ninalia. Chakula cha usiku huo kilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa. Mama mdogo Tereza alitutazama mmoja baada ya mwingine akasema kwa mzaha, bila ubaya wowote, "Mmoja kaja kujificha na sifuri yake, mwingine alishajificha zamani. Nyumba yangu imekuwa pango la nguchiro." Tulicheka wote watatu, lakini mimi na baba mdogo tuliinama kwenye mabakuli yetu kwa namna ileile, na nadhani ndipo tulipoanza kuelewana.

Chumba cha mashine kilikuwa ghala. Magunia ya mtama yalisimama hadi dirishani, udaga ulinukia, kuku mmoja aliyekuwa analalia mayai alikuwa na haki ya kupita. Mashine ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile watu wanavyofunika redio. Niliposikia kompyuta nilifikiria kitu kikubwa chenye kioo. Hii ilikuwa ubao wa vibonye, mnene kama mkate, rangi ya udongo, maandishi ya kampuni yamefutika kwa vidole. Haikuwa na kioo chake, ilichomekwa kwenye televisheni. Programu zake zilikuwa ndani ya kaseti, kaseti zilezile ambazo sisi tulizijua kwa nyimbo, nazo zilichezwa kwenye kinasa sauti kidogo kilichounganishwa na mashine kwa waya. Baba mdogo alinieleza hayo yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kana kwamba kulikuwa na darasa zima nyuma yangu. Alipenda kusikika. Alichomeka maneno ya lugha ya huko ng'ambo, akakosoa Kiswahili changu, na nikiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake alikasirika akaenda kunywa maji. Lakini alipofungua skrubu za chini, akainua mfuniko na kuona vumbi na buibui aliyekauka ndani, hotuba ikaishia hapo. Alipuliza taratibu, kama mtu anayepuliza jicho la mtoto.

Tulifanya kazi mchana, kwa sababu jioni watu wakiwasha taa umeme ulikuwa unadhoofika mpaka balbu inakuwa nyekundu. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kwenye kisanduku cha umeme. Vipande viwili vya ndani, alivyoviita kapasita, vilikuwa vimevimba vichwa na kutoa maji ya kahawia. Ilibidi twende Musoma kwa fundi redio mmoja karibu na soko, aliyekuwa na rundo la redio zilizokufa, na alimruhusu baba mdogo kuchokonoa humo. Mimi nilikuwa nimejifunga khanga kichwani mpaka kwenye nyusi, maana Musoma ndiko nilikosoma. Haikusaidia. Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa anapita na mama yake, wamebeba tranka jipya, anakwenda kidato cha tano. "Vero! Uko wapi siku hizi?" Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo aliinuka kutoka kwenye rundo la redio, tai imejaa vumbi. "Huyu ni msaidizi wangu," akatangaza. "Tunashughulika na kompyuta." Mama wa yule msichana akauliza kwa heshima, chuo gani? "Butiama," akasema. "Chuo kiko Butiama." Yule mama alimtazama viatu, kisha akanitazama mimi kwa huruma, na rafiki yangu akaanza kusoma maandishi ya tranka lake. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwenye gari la kurudi nilikaa dirishani nimegeuza uso. Yeye alikuwa ameshika zile kapasita kwenye kiganja, anazitazama. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ningesema nini, Vero? Ningesema tunaokota vyuma?" Swali hilo najiuliza mpaka leo.

Alilehemu kapasita zile kwa pasi ya kulehemia aliyoipasha kwenye jiko la mkaa, kwa sababu ile ya umeme ilikuwa imeungua. Alichoma ubao kidogo pembeni, akajitukana kwa lugha ya ng'ambo. Vibonye navyo vilikuwa havifanyi kazi. Chini yake kulikuwa na karatasi ya plastiki yenye mistari myembamba ya fedha, na ncha yake iliyoingia kwenye ubao ilikuwa imekauka na kukatika. Alikata ile sehemu iliyooza kwa mkasi wa mama mdogo, akachomeka ncha mpya, na kwa kuwa sasa ilikuwa fupi ikabidi ubao uinuliwe kwa kipande cha kadibodi. Hayo hakuyajua kutoka kitabuni. Alijaribu, akakosea, akajaribu. Kuna siku alikaa juu ya gunia akaniambia kwamba huko ng'ambo alikuwa mwanafunzi mzuri wa mikono na mbaya wa mitihani. Siku ya mtihani wa mwisho alisoma swali la kwanza, akalielewa, na hakuweza kuandika hata herufi. Akatoka nje kwenye theluji, akatembea. "Sikuwahi kumwambia mtu," akasema. Nikamwambia nami nililielewa swali la kwanza. Kuku alikuwa anatutazama kutoka kwenye mayai yake.

Televisheni tulikwenda kuiazima Bunda, kwa Wambura, kaka yake mama mdogo Tereza, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi na televisheni ya zamani isiyo na rangi iliyokaa stoo baada ya kununua nyingine. Walitupokea vizuri. Walitupikia sato mzima kwa nazi, chakula ambacho sikuwa nimekionja tangu nifeli, wakatuacha mezani tule. Kutoka jikoni sauti ya Wambura ilitufikia, hakujua ukuta ulikuwa mwembamba kiasi gani au hakujali. "Mwanaume anakaa kwenye ardhi ya baba yangu, dada yangu anashona mpaka macho yanamuuma, yeye anachezea midoli. Na sasa ameletewa mwenzake wa kucheza naye." Mkewe akamwambia, punguza sauti. "Si nimpe? Nitampa. Nampa kwa sababu ya Tereza." Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anatoa miiba kwenye nyama ya samaki, mmoja mmoja, anaipanga pembeni mwa sahani kwa uangalifu mkubwa. Alitafuna, akameza, akasema, "Samaki huyu ametulia sana." Wambura aliporudi, baba mdogo alisimama akamshukuru kwa mikono miwili, akamsifia duka lake na watoto wake. Mimi uso ulikuwa unaniwaka. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kwamba "mwenzake wa kucheza naye" nilikuwa mimi, na kwamba tusi lile tungelibeba pamoja na televisheni mpaka Butiama, tukiipokezana mapajani ili isivunjike.

Mashine iliamka siku ya mvua. Kioo kikawa cheupe, kisha pembeni chini yakatokea maandishi madogo ya ng'ambo, na kidoti kikiwaka na kuzima kikisubiri. Baba mdogo hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama mdogo Tereza aliitwa, akaja na sindano mdomoni, akauliza, "Ndiyo hiyo? Inafanya nini?" Na kweli, haikuwa inafanya kitu, mpaka kaseti zisome. Kinasa sauti ndicho kilitutesa kuliko vyote. Mpira wake wa ndani unaozungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Tulijaribu mipira ya kufungia vifurushi, ikanyooka. Mwishowe mama mdogo alichukua tyubu ya baiskeli, akaitandika juu ya meza yake ya kushonea, akakata kwa wembe duara jembamba lililokuwa sawa pande zote, bila kupumua, kama anavyokata kola ya shati la padri. Likazunguka vizuri. Lakini bado mashine ilisoma kaseti kidogo ikakataa, ikasoma ikakataa. Baba mdogo alisema kichwa cha kusomea kimepinda kidogo, kuna skrubu ndogo ya kukinyoosha, na anayenyoosha anatakiwa kusikiliza mlio hadi uwe mkali kabisa. Akazungusha, akasikiliza, akazungusha. Ndipo nilipogundua jambo ambalo mwenyewe alikuwa analificha: milio mikali alikuwa haisikii. Sikio lake moja lilikuwa limekufa na la pili lilikuwa njiani. "Wewe unaimbaga sauti ya kwanza kanisani," akaniambia bila kunitazama. "Sikiliza. Nikifika, niambie." Nikaweka sikio karibu. Ulikuwa mlio mbaya, kama nzi wengi ndani ya debe. Alizungusha skrubu kidogo kidogo na mlio ukawa unapanda, ukanoleka, ukafika mahali ukawa kama wembe. Nikamshika mkono. "Hapo." Na mashine ikasoma kaseti nzima bila kukataa. Hilo ndilo nililofanya mwaka ule, na hakuna zaidi. Nilisikiliza.

Baadaye yeye mwenyewe aliandika programu kwa Kiswahili, ya kuuliza watoto hesabu. Iliuliza jina, ikakaribisha, ikatoa maswali ya kujumlisha na kutoa, na ukikosa haikusema umekosa, ilisema jaribu tena. Watoto wa jirani walijaa mlangoni. Mama alisikia, na kwa furaha ya mtu aliyeona uongo wake umegeuka kuwa kweli, alieleza kila mahali alipokwenda, mpaka habari zikamfikia Sista Adelina, mkuu wa kituo kidogo cha ufundi cha wasichana pembezoni mwa Buhare. Kituo chake kilikuwa kimepewa msaada wa kompyuta na zilikuwa zimekaa kwenye maboksi kwa kukosa mtu wa kuzifundisha. Akatuma ujumbe kwamba anakuja Butiama kumwona huyu Injinia. Siku ile baba mdogo alinyoa, akavaa lile koti la ng'ambo, akaniuliza mara kwa mara kama tai imekaa. Alikuwa anatafuta kazi, kazi ya kweli, ya kuondoka asubuhi watu wakimwona na kurudi jioni watu wakimwona. Hakulisema hilo, lakini mama mdogo Tereza alichinja jogoo, na hilo lilisema.

Sista alikuja na gari la kituo, na mama yangu ndani yake, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, ndoo ya sangara wa kukausha miguuni. Waliingia ghalani, tukawapa viti kati ya magunia. Baba mdogo aliongea sana. Aliongea kuhusu umeme, kuhusu ng'ambo, kuhusu maendeleo ya taifa, mpaka mama akaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake. Kisha akaweka kaseti. Mlio ulipoanza Sista aliziba masikio akacheka, na baada ya muda kioo kikaandika JINA LAKO NANI? Sista akaandika jina lake kwa kidole kimoja, kioo kikamkaribisha, akajibu maswali, akakosea moja makusudi kuona. JARIBU TENA. Alifurahi kama msichana. Akageuka akamwambia, "Bwana Mafuru, kazi hii nimeipenda. Nikuulize tu kwa ajili ya wakubwa wangu. Cheti chako unacho hapa?"

Nakumbuka sauti ya mvuke kwenye sufuria jikoni. Mama alitazama sakafu. Mama mdogo Tereza, aliyekuwa mlangoni, alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama mtoto anayevuka barabara. "Sina, Sista," akasema. "Sikumaliza." Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongeza neno. Sista akasema pole, akasema hizo ni taratibu, akasema kwamba hata hivyo walio kituoni ni wasichana pekee na wanalala hapohapo, na wakubwa wake wangekuwa wagumu. Alikuwa anasema kwa upole sana, na upole ule uliuma kuliko maneno ya Wambura. Hapo baba mdogo akainua kichwa. "Lakini, Sista, unamwuliza mtu siye. Mashine hii hakuitengeneza Mafuru. Ni huyu binti. Mimi namshikiaga bisibisi."

"Hapana," nikasema. "Sista, si kweli. Ni baba mdogo."

"Anaona haya kwa sababu alifeli. Muulize nani alinyoosha kichwa cha kinasa sauti. Muulize, mimi nasikia milio ile? Mimi ni kiziwi, Sista. Tereza, si mimi ni kiziwi?"

"Ni kiziwi," mama mdogo akasema polepole.

Sista akaniuliza kama ni kweli nilinyoosha kichwa hicho kwa sikio langu. Nikasema nilisikiliza tu, yeye ndiye alizungusha. Akatabasamu. Akauliza matokeo yangu. Nikasema sifuri, kwa sauti, mbele ya mama yangu, neno ambalo tulikuwa hatujalitamka sisi wawili tangu mwaka uanze. Nilidhani limemaliza kila kitu. Kumbe Sista alisema kwa msaidizi wa kukaa na wasichana na kujifunza huku akifundisha hakihitajiki cheti, anahitajika mtu mwaminifu, na mtu anayekana sifa zake mwenyewe mbele ya ajira ni mwaminifu kiasi gani? Nikarudia kukataa. Kadiri nilivyokataa ndivyo alivyozidi kunipenda. Mama alipiga kigelegele, machozi yakimtoka, na baba mdogo akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, koti likimbana mabegani. Ningeweza kusema nini tena? Ukweli nilikuwa nimeusema, ukageuka mikononi mwangu ukawa sifa nyingine.

Walipokuwa wanakula nilitoka nyuma ya nyumba, nikamkuta mama mdogo Tereza anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa. Nikamwambia siendi Buhare, siwezi kuchukua kazi ya mtu. Hakunitazama. "Utaenda," akasema. "Mimi nimeishi na huyu mwanaume. Kila siku alikuwa ananipaga maneno, maana hakuwa na kingine. Leo alikuwa na kitu mkononi, kitu chake, na amekitoa. Ukikirudisha utamuua." Akamwaga maji ya masizi kwenye migomba. Kisha akaongeza, "Ila usidhani sijaumia, Vero. Nilitaka kumwona akitoka asubuhi." Hilo ndilo neno nililoondoka nalo Butiama. Nilihesabiwa nimeinuliwa, na watu wa Mugango waliponiona napita na gari la masista walinipungia mikono. Mama akarudi kuchota maji asubuhi na wenzake. Mimi nilikaa kitini nimebana mikono katikati ya magoti, na aibu niliyoenda nayo ilikuwa nzito kuliko ile ya ukutani Musoma. Ile ilikuwa yangu, niliijua ilikotoka. Hii nilivishwa mbele za watu kama shada la maua.

Buhare tulizifungua kompyuta kwenye maboksi. Zilikuwa za kisasa kuliko chochote nilichowahi kuona, na wiki za mwanzo nilikuwa nasoma kitabu cha maelekezo mchana na kukifundisha jioni. Lakini woga sikuwa nao. Nikikwama nilifungua mfuniko, nikapuliza vumbi, nikajaribu, nikakosea, nikajaribu, na wasichana walidhani huo ndio usomi. Mwaka ulipokuwa unakwisha, Jumamosi moja, tukiwa katikati ya somo, niliona wasichana wa mbele wanasimama. Baba mdogo alikuwa mlangoni, amevaa tai, ameshika samaki kwenye mfuko mweusi. "Shikamoo," darasa zima likasema. Nilikwenda nikampokea, nikasimama naye mbele, nikawaambia huyu ndiye mwalimu wangu, mnachokisoma hapa kimetoka kwake. Wasichana wakapiga makofi. Nikamvutia kiti kwenye mashine iliyokuwa wazi, kwa fahari, nikitaka wamwone.

Alikaa. Akatazama kioo, akatafuta kwenye vibonye mahali pa kuandika amri kama za mashine yake, akaandika, kioo hakikujibu. Akatazama mezani, akaona kile kipanya na waya wake. Alikichukua, akakiinua juu, akakielekeza kwenye kioo kama mtu anayewasha televisheni, akabonyeza. Akabonyeza tena. Msichana mmoja nyuma alicheka, akaziba mdomo, wengine wakafuata. Niliiona shingo yake ikiingia ndani ya kola. Aliniinamia akaninong'oneza kwa Kijita, lugha yetu ya nyumbani, ili wasielewe, "Hiki kinashikwaje, mwanangu?" Mimi niliyemweka kwenye kile kiti sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba miaka ilikuwa imempita. Nikakishusha kipanya mezani pamoja na mkono wake, nikaweka kiganja changu juu ya vidole vyake vyenye makovu ya lehemu, nikausogeza. Mshale ukatembea kwenye kioo. Tukausogeza tena. Vicheko vilikwisha.

Alibaki mpaka kipindi kilipoisha, akiusogeza ule mshale kona hadi kona. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi kwa vile vicheko, na kwa mambo mengine yaliyokuwa nyuma ya vicheko, lakini alinitangulia.

"Ninaweza kuja tena Jumamosi ijayo?" akaniuliza. "Nikae nyuma. Sitasumbua watu."

"Njoo, baba mdogo."

"Asante, mwalimu," akasema. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.